Grini kadi ya miaka miwili inaisha na mimi niko Dodoma namuuguza mama, nifanyeje?

Dada_wa_Nkuhungu

Wakuu habari za jumapili, wakubwa shikamooni. Naomba wenye uzoefu mnisaidie maana kila ninayemuuliza ananipa jibu lake na kichwa kimeshajaa.

Niko hivi. Nimeolewa na mmarekani, ndoa tulifunga hapahapa Dodoma kanisani, cheti tunacho, tukasubiri viza ya ndoa nikaondoka. Kwa kuwa siku naingia kule ndoa ilikuwa haijatimiza miaka miwili nikapewa ile kadi ya miaka miwili yenye masharti, imeandikwa CR1, sio ile ya miaka kumi. Tunaishi Columbus, Ohio. Sasa mama akaanza kusumbuliwa na figo, akapelekwa Benjamin Mkapa, wakasema aanze kusafishwa damu, na mtoto wa kike niko peke yangu, kaka yupo lakini mnawajua wanaume kwenye kuuguza, anakuja na chupa ya maji anakaa dakika kumi huku anaangalia saa. Nikakata tiketi nikaja baada ya Pasaka nikijua nakaa kidogo narudi. Wiki zikaenda. Mama siku akitoka kwenye mashine hawezi hata kushika kikombe cha uji, sasa unamwachaje mtu hivyo.

Kadi inaisha mwishoni mwa mwezi wa kumi. Mume wangu kaambiwa na mwenzake kazini kwamba ile fomu ya kuondoa masharti lazima niwe kule ndo ijazwe, nikiwa nje hawapokei. Kaka anasema acha iishe tu si umeolewa, mtaomba upya. Jirani yetu hapa ana mwanae Dallas yeye anasema kadi ikiisha ukiwa nje ndo umeshapoteza, hata ndege hupandi. Nimelala usiku naota niko eapoti nimezuiwa.

Kwa hiyo naomba kujua, je naweza kuomba nikiwa huku huku au lazima nimwache mama niwahi? Na mume anaweza kunisainia? Na kadi ikiisha nitapandaje ndege kurudi? Na hili la kukaa mbalimbali miezi yote hii si watasema ndoa ni ya mchongo? Tuko vizuri kabisa na mume wangu, tunaongea kila siku asubuhi kwake jioni kwangu. Asanteni sana, Mungu awabariki.

Chilonwa_One

Pole sana kwa kuuguza dada. Nenda tu ubalozini Dar pale Msasani na pasi yako na cheti cha ndoa wakugongee muhuri wa kuongeza muda, ndo kazi yao. Panda SGR asubuhi jioni umerudi Dodoma.

Mkulima_wa_Zabibu

Dada pole na mama, Mungu amwinue. Na wewe Chilonwa_One ndugu yangu punguza spidi, ubalozi hauongezi muda wa grini kadi, haujawahi. Ubalozi unahusika kama kadi yenyewe imepotea au imeibiwa ukiwa huku, hapo unajaza fomu I-131A unalipia wanakupa karatasi ya kukupandisha ndege. Huyu dada kadi anayo mkononi. Asafiri mpaka Dar akapange foleni kwa jua lile aambiwe hii si kazi yetu?

Mimi nimeishi kule miaka kadhaa na hii fomu nimeijaza na mke wangu, sa hivi nimerudi niko zangu Hombolo na mizabibu, kwa hiyo sikuuzii kitu. Nianze na lile kubwa linalokunyima usingizi. Unaweza kuomba ukiwa Dodoma. Kanuni zao zenyewe ndo zinasema, ombi la I-751, yaani hiyo fomu ya kuondoa masharti, linapokelewa hata kama mwenye kadi hayupo ndani ya Marekani siku linapotumwa, sharti ni kwamba wakiwaita kwenye usaili lazima urudi na mwende wewe na mumeo. Huyo mwenzake mumeo kazini amechanganya na kibali cha kuingilia tena, hicho ndo lazima uwe ndani ya Marekani siku unakiomba. Nitakirudia.

Kaka yako mwambie kwa upole hapana. Ile kadi ina tarehe, na sheria inasema usipoomba kuondoa masharti kabla ya hiyo tarehe ukaazi wako unakufa wenyewe, hakuna mtu wa kukupigia simu kukukumbusha, na baada ya hapo wanaweza kukufungulia kesi ya kukuondoa. Kuomba upya maana yake mumeo aanze tena I-130, ile fomu ya kumwombea mke, mngoje, uende tena Dar kwenye usaili na kupimwa afya, pesa tena. Kwa nini? Wakati dirisha lako liko wazi.

Dirisha ndo hili. Unaruhusiwa kutuma ndani ya siku 90 za mwisho kabla kadi haijaisha. Sio kabla ya hapo, ukiwahi wanakurudishia bahasha nzima, na hapo utakuwa umepoteza wiki za posta. Kwa kadi inayoisha mwishoni mwa mwezi wa kumi dirisha linafunguka mwishoni mwa mwezi wa saba mwanzoni mwa wa nane, yaani ni sasa hivi tunavyoongea. Kwenye tovuti ya USCIS, idara ya uhamiaji ya kule inayopokea hizi fomu, kuna kikokotoo, unaweka tarehe kinakupa siku ya kwanza. Na tarehe ya kuhesabia ni ile ya kuisha iliyoandikwa kwenye kadi, sio ya harusi, watu wengi wanakosea hapo.

Ada ni dola 750, kwa hela yetu inakaribia milioni mbili, mumeo aangalie tena kwenye tovuti siku anayotuma maana hawa wanabadilisha. Na siku hizi hawapokei cheki wala mani oda, unaweka fomu G-1450 ya kukata kwenye kadi ya benki au G-1650 ya kukata kwenye akaunti ya benki ya kule. Akiweka cheki kama watu walivyozoea inarudi. Pia achukue toleo jipya la fomu kutoka kwenye tovuti yao, asichukue lililokaa kwenye kompyuta ya rafiki.

Wakishapokea wanatuma risiti, I-797. Hiyo karatasi ndo roho yako. Tangu Januari 2023 risiti ya I-751 inaongeza uhai wa kadi miezi 48 kuanzia tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Miaka minne dada! Enzi zetu ilikuwa mwaka mmoja watu wanahangaika kwenda kugongewa mhuri kwenye pasi. Kwa hiyo plastiki inaisha lakini ukaazi wako unaendelea, unafanya kazi, unasafiri, unarudi, kadi iliyoisha ikiwa pamoja na ile barua. Ndo maana hiyo barua mumeo akiipata aitume kwako halisi kwa DHL au EMS, abaki na kopi.

Lakini sasa, na hapa ndo nataka usome mara mbili. Barua inaongeza uhai wa kadi, haiongezi ruhusa ya kukaa Nkuhungu. Ni vitu viwili tofauti na watu wanavichanganya sana. Ukikaa nje zaidi ya miezi sita mfululizo, ofisa pale unapoingilia ana haki ya kukuhoji kama vile unaomba kuingia upya, ulikuwa wapi, unaishi wapi, kazi, nyumba, kodi. Ukizidisha mwaka bila kibali cha kuingilia tena, kadi peke yake haitoshi kukurudisha, barua iwepo isiwepo. Umeondoka baada ya Pasaka, kwa hiyo mwezi wa kumi uko ukingoni mwa miezi sita. Usiogope, kuuguza mama ni sababu ya maana kabisa, ila beba ushahidi wake, barua ya hospitali, kadi ya kliniki, ratiba ya kusafishwa damu. Na tiketi yako ya kwanza ulikata ya kwenda na kurudi? Hiyo nayo itunze, inaonyesha ulikuja kwa muda.

Mengine nitajibu baadaye, nina watu wa kunyunyizia dawa wananisubiri.

Binti_Mpwapwa

Nyongeza kwa aliyosema Mkulima, kila kitu yuko sawa. Mimi nimesafiri na kadi iliyoisha na barua, nilikuja msiba kule kwetu Mpwapwa nikarudi, ngoja nikwambie kinachotokea eapoti ili usiote tena hizo ndoto.

Pale kaunta dada wa shirika la ndege akachukua kadi, akaigeuza nyuma mbele, akaangalia tarehe, akaniangalia mimi, akasema hii imeisha. Nikampa barua. Akasoma mistari miwili ya juu akasema hii ni risiti tu ya malipo. Sasa ukipaniki hapo umekwisha, mimi nilikuwa nimeshapiga mstari kwa penseli pale palipoandikwa kwamba kadi imeongezewa miezi 48 na unaruhusiwa kufanya kazi na kusafiri, nikamwonyesha kwa kidole, nikamwambia naomba muite msimamizi wako aangalie kwenye mfumo wenu. Msimamizi akaja anatembea taratibu kama anaenda harusini, akabonyeza bonyeza, akasema sawa mpe. Basi. Foleni nyuma yangu wameshaanza kuguna. Kwa hiyo fika mapema, kama ndege ni ya usiku usitoke Dodoma na treni ya jioni ukitegemea kila kitu kitaenda kama saa, panda ya asubuhi ulale hata kwa shangazi Ubungo.

Na hakikisha namba ya A, ile namba yako ya uhamiaji inayoanza na herufi A, kwenye barua na kwenye kadi ni moja na jina limeandikwa vilevile. Mie mtu wangu jina la baba lilikosewa herufi moja kwenye risiti, ilibidi aombe warekebishe kabla ya kusafiri.

Pale unapoingilia wakikubana maswali jibu kwa ufupi na ukweli. Wapo waliowekewa mbele fomu I-407 wakaambiwa saini hapa, ile ni ya kuachia ukaazi kwa hiari yako. Usisaini. Una haki ya kusema nataka kwenda mbele ya jaji wa uhamiaji, na hawawezi kukunyang'anya ukaazi pale dirishani kwa mdomo tu. Hili halitokei kwa kila mtu, wengi wanapita kawaida, ila ujue.

Kitu kingine, baada ya risiti inakuja barua ya kwenda kuchukuliwa alama za vidole. Wengine wanatumia zile za zamani hawakuiti, wengine wanaitwa. Hiyo inafanyika kule, haifanyiki Dar. Kama siku yake ikifika uko bado kwa mama, aombwe tarehe mpya KABLA ya siku yenyewe kupitia akaunti ya onlaini, mtoe sababu. Ukinyamaza tu usiende wanachukulia umelitelekeza ombi na wanalikataa. Kwa hiyo mumeo awe anafungua sanduku la barua kila siku, na msihame nyumba kimya kimya, mkihama wanataka taarifa ndani ya siku 10.

Dada_wa_Nkuhungu

Jamani nimesoma nimelia kidogo, asanteni. Kaka yangu nimemsomea kwa sauti hapa sebuleni kanyamaza kaenda nje 😂

Tiketi ndio ilikuwa ya kwenda na kurudi nilisogeza tarehe mara nyingi mpaka ikaisha muda. Ninayo kwenye imeili. Sasa naomba mnisaidie kwenye ushahidi, tuna mkataba wa nyumba majina yote mawili, bima ya gari, akaunti ya benki ya pamoja ila mie miezi hii sijaitumia kabisa kwa sababu niko huku, mume ananitumia hela kwenye simu za matumizi ya mama. Mtoto hatujapata bado. Hapo je?

Mkulima_wa_Zabibu

Nimerudi. Mko vizuri kuliko unavyodhani.

Wanachotaka kuona ni kwamba ndoa mliiingia kwa nia ya kweli, na kwamba tangu upate kadi mmekuwa mkiishi kama mke na mume. Sio lazima muwe mmelala kitanda kimoja kila siku ya Mungu, wapo wanajeshi, wapo madereva wa malori wiki nzima hawapo. Kwa hiyo kosa la watu wengi ni kuficha ile sehemu ya kukaa mbalimbali wakidhani ofisa hataona, wakati anaona kuingia na kutoka kwako kwenye mashine yake. Nyie iandikeni wenyewe. Ukurasa mmoja, mama anaumwa nini, lini ulikuja, nani mwingine yupo, unarudi lini. Ambatanisha barua ya hospitali. Halafu ile miamala ya kutumiana hela kwenye simu ndo dhahabu yenyewe, mwanaume asiye mume wako atalipia mashine ya figo ya mama yako kwa nini? Chukua taarifa ya miamala kwa wakala au kwenye programu ya simu, mumeo atoe na ya upande wake alipotumia, ziendane. Wasap sio lazima mprinti maongezi yenu ya mapenzi, orodha ya simu mlizopigiana na kurasa chache za kila mwezi zinatosha.

Kodi ya mapato ndo ushahidi mzito kuliko picha za harusi. Kama mlijaza pamoja kama wanandoa weka nakala za miaka yote miwili, mumeo anaweza kuzitoa kwenye tovuti ya mamlaka ya kodi ya kule. Na hapa angalizo, mwaka huu usije ukashawishiwa na mtu ujaze kama asiye mkazi eti kwa sababu umekaa Tanzania muda mrefu, kujiita asiye mkazi kwenye kodi ni kujichongea mwenyewe kwamba uliacha ukaazi.

Unaweza kuongeza viapo vya watu wawili au zaidi wanaowafahamu nyote, tena waliowafahamu tangu ulipopata kadi, waeleze wanachokijua kwa macho yao. Mchungaji aliyewafungisha anafaa, jirani wa Columbus anafaa zaidi. Kikiandikwa kwa Kiswahili, kama ilivyo karatasi yoyote ya Kiswahili, kitafsiriwe Kiingereza na aliyetafsiri aandike na kusaini kwamba anazijua lugha zote mbili na tafsiri ni sahihi na kamili. Sio lazima awe mtafsiri wa serikali, hata mwalimu wa sekondari hapo mtaani, ila asiwe wewe mwenyewe maana haipendezi.

Kuhusu ile nyingine niliyosema nitairudia. Ukishafika kule, na ukiona mama atakuhitaji tena kwa muda mrefu, omba kibali cha kuingilia tena kwa fomu I-131 kabla ya kuondoka. Ukiwa ndani. Hicho ndo kinakulinda ukikaa zaidi ya mwaka. Na kama una ndoto ya uraia kwa njia ya miaka mitatu ya kuolewa na raia, jua kwamba safari moja inayozidi miezi sita inavuruga ile hesabu ya kuishi mfululizo, utatakiwa ujieleze, na kwenye hiyo miaka mitatu wanataka jumla ya miezi 18 uwe umekaa ndani kimwili. Uraia nao uuwaze vizuri, huku kwetu mtu mzima ukichukua wa nje wa kwetu unaondoka, shamba la baba Bahi utakuja kulirithi kwa kupitia mlango mwingine.

Kaka_Manyoni

Nichomekee hapa kidogo kwa faida ya wengine watakaosoma, dada hili halikuhusu na lisikuhusu kamwe inshallah. Kuna watu wanafika miezi hiyo 90... samahani siku 90, na ndoa imeshavunjika au mwenzake anamtishia, "nisiposaini unarudi kwenu". Ndugu zangu mjue saini ya mwenzio sio mnyororo. Unaweza kujaza I-751 hiyohiyo peke yako kwa sababu za namna hii, ndoa ilikuwa ya kweli ila imeisha kwa talaka, au mwenza amefariki, au ulikuwa unapigwa na kunyanyaswa, au ukirudishwa utapata taabu iliyopitiliza. Na ukiomba peke yako hubanwi na lile dirisha la siku 90, unaweza kutuma kabla au baada, ingawa kungoja kadi ife sio ujanja.

Mimi nilipitia ya talaka. Kilichonisumbua ni kwamba ndoa ilifungwa huku na mwenzangu akarudi huku, tukawa tunabishana talaka ifanyike wapi. Wazee kwetu wakakaa kikao wakasema yamekwisha, mahari ikazungumzwa, kila mtu akaenda zake. Nikadhani nina talaka. Loya akaniuliza hukumu ya mahakama iko wapi nikabaki nimeduwaa. Kwa sheria yetu ya ndoa ya 1971 mnaanza baraza la usuluhishi, likishindwa linawapa hati, ndo mnaenda mahakamani na mahakama ndo inavunja. Karatasi ya kikao cha ukoo haitoshi, na hata talaka ya msikitini peke yake usiitegemee mpaka ipitie mahakamani. Nilifungua kule kule mwishowe, ikawa rahisi. Kama kesi ya talaka haijaisha na kadi inakaribia kufa, kaa na loya mpange, wapo wanaotuma kwanza halafu USCIS inawaandikia kuomba hukumu wanaipeleka ikitoka. Ila talaka lazima iwe imekamilika kabla hawajakupitisha, mkiwa mmetengana tu haihesabiki.

Mzee_wa_Iringa_Road

Binti pole kwa mama. Mimi nasema moja tu. Hapo mjini kuna vijana wana stationari wanajaza fomu za bahati nasibu ya grini kadi, na sasa wameanza kusema wanaondoa masharti kwa laki nane. Mmoja alimjazia mtoto wa jirani yangu akaweka anwani ya sanduku la posta la hapahapa, barua zikawa zinazunguka. Fomu ni bure kwenye tovuti. Kama una wasiwasi tafuta loya wa kule mwenye leseni, mumeo alipe saa moja ya ushauri, basi.

Chilonwa_One

Nimenyooshwa, sawa. Kumbe ubalozi sio wenyewe. Ila SGR nimesema kweli 😂

Binti_Mpwapwa

😂😂 Treni tunakupa.

Dada umeingia kule na mtoto yeyote wa kabla ya ndoa hii? Umesema hamjapata na mumeo ila sijajua. Kama alipata kadi siku moja na wewe au ndani ya siku 90 baada yako anaingia kwenye fomu yako hiyohiyo, mkimsahau yeye ndo kadi yake itakufa.

Dada_wa_Nkuhungu

Hapana sina, niko mwenyewe.

Mume nimeongea nae usiku huu, kaprinti fomu tayari. Ataingiza nauli kwenye ratiba yake pia aje tuonane mwezi wa tisa halafu turudi wote, shangazi yangu wa Kondoa kakubali kuja kukaa na mama. Swali la mwisho, nilishauliza mwanzo hamkunijibu, saini yangu je? Anaweza kunisainia pale chini maana saini yangu anaijua kabisa, au mpaka anitumie makaratasi kwa DHL nisaini nimrudishie? Hiyo si itakula wiki mbili nzima.

Mkulima_wa_Zabibu

Asikusainie hata kwa bahati mbaya! Hiyo ni kughushi, na ombi zima linaingia doa kwa kitu cha dakika mbili.

Fanya hivi. Akutumie fomu iliyojazwa kwa imeili, kurasa zote, uzisome zote kabla, maana ukisaini unaapa kwamba yote ni kweli hata aliyokosea yeye. Nenda stationari yoyote, printi, saini kwa mkono wako kwa kalamu nyeusi, skani vizuri isiwe picha ya simu yenye kivuli cha kidole, mrudishie. Yeye aprinti aweke saini yake ya wino, atume. USCIS wanapokea nakala ya saini iliyoandikwa kwa mkono, asili yake baki nayo wewe usiitupe wanaweza kuiomba. Wasichokubali ni jina lililochapwa kwa kompyuta au mhuri wa saini. Nakala ya kadi yako mbele na nyuma nayo skani hapohapo, wanaitaka.

Na tarehe pembeni ya saini andika kimarekani, mwezi unatangulia siku. Ukisaini tarehe 10 mwezi wa nane ni 08/10, ukiandika kama tulivyofundishwa shule watasoma umesaini mwezi wa kumi ambao haujafika.